UZI: Muumini yuko kwenye dhiki na anauliza "nimemkosea Mungu wapi?" Tumfundisheje wokovu kwa neema?

Mwinjilisti_Mtaani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Uzi huu ni wa wanaofundisha: wainjilisti, makatekista, walimu wa kipaimara, viongozi wa jumuiya, wazee wa kanisa. Mvua ikikosekana, mtoto akiugua, kazi ikiisha, waumini wetu wengi huuliza kwanza "nimemkosea Mungu wapi?" Kisha huuliza "nifanye nini anirudie?" Mtu wa namna hii anajua Waefeso 2:8 kwa moyo, lakini ndani yake anaamini kwamba Mungu humpokea mtu kwa kadiri ya alivyofanya. Ndiyo sababu akitokea wa kumwambia "toa kiasi hiki, mlango utafunguka", anatoa hata ada ya mtoto.

Kosa la kwanza liko kwetu walimu: tunaanzia mstari wa 8. Waefeso 2:1-10 isomwe yote, na kwa mpangilio wake. Mstari wa 1 hadi wa 3 unaeleza hali ya mtu: mfu kwa makosa na dhambi, anafuata kawaida ya ulimwengu huu, yuko chini ya mfalme wa uwezo wa anga, anatimiza mapenzi ya mwili na nia. Mstari wa 4 unageuza kila kitu kwa maneno mawili, "Lakini Mungu". Halafu vinakuja vitenzi vitatu: alituhuisha, akatufufua, akatuketisha. Waambie wanakikundi watafute mtendaji wa kila kitenzi kutoka mstari wa 4 hadi wa 7. Wataona ni Mungu peke yake. Baada ya hapo mstari wa 8 na wa 9 unaeleweka wenyewe: "ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu."

Asiyepita kwenye neno "wafu" ataisikia neema kama msaada wa mgonjwa: Mungu anamwinua kidogo, yeye anamalizia. Ukimuuliza mwanafunzi wako "Mungu amefanya sehemu gani na wewe sehemu gani?" akaanza kugawanya, rudi mstari wa 1.

Utaratibu ninaoupendekeza ni vipindi vitano vya dakika 75, watu 8 hadi 12, Biblia mkononi. Wakizidi 12, wanyamavu hawatauliza swali lao la kweli.

Kipindi cha 1, Kutoka 12 hadi 20. Wengi hurukia Amri Kumi. Waonyeshe kwamba damu ya mwanakondoo iko sura ya 12, bahari inapasuliwa sura ya 14, na amri zinakuja sura ya 20. Hata pale zinapoanza, neno la kwanza ni hili: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Israeli hawakutolewa Misri kwa sababu walishika amri. Walipewa amri wakiwa wameshatolewa.

Kipindi cha 2, Waefeso 2:1-10, kama nilivyoeleza.

Kipindi cha 3, Warumi 3:19-28 na 4:1-12. Hapa fanyeni hesabu pamoja. Abramu anahesabiwa haki Mwanzo 15:6. Ishmaeli anazaliwa Abramu akiwa na miaka 86 (16:16). Anatahiriwa akiwa na miaka 99 (17:24). Kwa hiyo alikuwa mwenye haki mbele za Mungu kwa miaka isiyopungua 13 kabla ya tohara. Hoja yote ya Paulo katika Warumi 4:10 imesimama juu ya hesabu hiyo, na watu wakiipiga wenyewe kwa kidole hawaisahau.

Kipindi cha 4, Warumi 5:1-11 na 8:18-39. Hapa ndipo dhiki inapoingia, na kisifupishwe.

Kipindi cha 5, Warumi 6 na Tito 2:11-14, maisha mapya.

Karibuni mrekebishe na muongeze.

---

Katekista_wa_Parokia

Tumsifu Yesu Kristo.

Nashukuru, Mwinjilisti. Naongeza upande wa Wakatoliki, maana kwenye mitaa yetu mtu husikia kwamba sisi tunafundisha wokovu kwa matendo, na Wakatoliki wengine wenyewe wanaamini hivyo.

Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Trento, kikao cha sita, Januari 1547, kanuni ya kwanza kabisa inamlaani anayesema mtu aweza kuhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa matendo yake mwenyewe bila neema ya Mungu kwa njia ya Yesu Kristo. Sura ya nane inasema hakuna kitu kinachotangulia, iwe imani au matendo, kinachostahili neema hiyo. Kabla ya hapo, Mtaguso wa Kartago wa mwaka 418 ulikataa mafundisho ya Pelagio, kwamba mtu aweza kutenda mema kwa nguvu zake bila neema, na Mtaguso wa Orange wa mwaka 529 ukasema hata mwanzo wa imani, ile hamu ya kumwamini Mungu, ni kazi ya neema.

Tofauti yetu na ndugu Walutheri ipo, na isifunikwe. Wao wanasisitiza kwamba haki ya Kristo inahesabiwa kwa mwenye dhambi. Sisi tunasisitiza kwamba neema inamfanya mtu kuwa mwenye haki kwa ndani, na anaweza kukua katika haki hiyo. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Kilutheri Ulimwenguni walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, katika imani, bila mastahili yoyote yetu, na tunapewa Roho Mtakatifu anayetuwezesha kutenda mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, na Jumuiya ya Makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Ukiwa na kikundi chenye watu wa madhehebu mbalimbali, anzia hapo.

Jambo moja la kufundisha kwa uangalifu ni Kitubio. Upande wa mtubuji una mambo matatu: majuto, maungamo, malipizi. Waumini wengi huyachukua malipizi kama bei ya msamaha. Angalieni mpangilio: padre anatamka maondoleo kwanza, muumini anakwenda kutimiza malipizi akiwa ameshasamehewa. Malipizi yanatibu madhara ambayo dhambi imeyaacha, hayanunui msamaha. Anayetoka kitubioni akihesabu Salamu Maria kama anayelipa deni amefundishwa vibaya, na jukumu la kumsahihisha ni letu.

---

Msharika_Kijana

Watumishi, naomba msaada. Yakobo 2:24 inasema: "Mwaona kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake." Kikundini wakinishika na huo mstari nawajibu nini?

---

Mwinjilisti_Mtaani

Ndugu yangu, usiukimbie wala usiupunguze makali. Angalia ni Abrahamu wa sura gani anayezungumzwa. Paulo katika Warumi 4 anamtumia Abrahamu wa Mwanzo 15, siku aliyoamini. Yakobo 2:21 anamtumia Abrahamu wa Mwanzo 22, aliyekwisha kuhesabiwa haki miaka mingi nyuma, na sasa anamtoa Isaka. Paulo anajibu swali la mwenye dhambi: nitaingiaje? Yakobo anamjibu mtu anayesema anayo imani, na ndugu yake yu uchi na hana riziki ya kila siku (2:14-16): imani yako ni ya namna gani? Imani anayoikataa Yakobo ni ile ambayo hata mashetani wanayo, mstari wa 19.

Wasomeeni na Waefeso 2:10 hapo hapo: "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema." Matendo yamo, na nafasi yake ni baada ya kuumbwa.

---

Mama_Huduma_ya_Wagonjwa

Bwana asifiwe sana. Naomba tukae kidogo kwenye kipindi cha 4, maana darasani ni rahisi, kitandani pa mgonjwa ndipo pagumu.

Mgonjwa akiuliza "nimekosa wapi?" usimjibu haraka. Kwanza tenganisha mambo mawili. Ipo dhiki ambayo mtu anajua imetoka wapi: ulevi wake, ugomvi wake, wizi wake. Huyo anahitaji toba, na asinyimwe. Lakini dhiki nyingi hazina hesabu ya namna hiyo, na Bwana mwenyewe alikataa kuipiga. Luka 13:4, watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu, naye akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine wote waliokaa Yerusalemu. Yohana 9:3, kipofu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Marafiki wa Ayubu walikaa kimya siku saba wakiwa wafariji wazuri. Walipofungua kinywa kutafuta kosa lake ndipo walipomuumiza, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao.

Kisha msomee Warumi 5:1-5, na uanzie mstari wa 1. Amani kwa Mungu imetajwa kabla ya dhiki kutajwa. Dhiki ya mstari wa 3 inampata mtu aliyekwisha kuwa na amani na Mungu, kwa hiyo haiwezi kuwa ushahidi kwamba amani hiyo imevunjika. Ukianzia mstari wa 3, utakuwa umempa mgonjwa kazi ya kuvumilia ili apendwe.

Tunayokosea zaidi ni haya. Tunakaa mno: dakika 15 au 20 zinatosha kwa mgonjwa aliyechoka. Tunasoma sura nzima, na mistari mitano ingetosha. Tunaomba maombi ya kumlaumu kwa kujificha, "Bwana, kama kuna dhambi ndani yake ifunue", naye amelala anasikia. Tunamwambia "ungekuwa na imani ungepona". Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke, akajibiwa: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu" (2 Wakorintho 12:9). Hakuna palipoandikwa kwamba imani yake ilipungua.

Na hili naliandika kwa uzito wote: asiwepo mtumishi wa kumwambia mtu aache dawa ili kuonyesha imani. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ni za kila siku maisha yote. Za kifua kikuu cha kawaida ni miezi sita hata kama kikohozi kimeisha mwezi wa pili. Ukikatiza, ugonjwa unarudi na unaweza kuwa sugu kwa dawa zile zile. Kumfanya mgonjwa athibitishe imani yake kwa kutupa vidonge ni kumrudisha kwenye matendo, na tendo lenyewe linaua.

---

Mzee_wa_Kanisa

Mama amegusa penyewe. Naongeza la fedha.

Sadaka ni ibada, na kanisa haliendeshwi bila sadaka. Lakini sadaka ikishawekewa bei ya baraka (maji ya upako kiasi hiki, mafuta kiasi hiki, "mbegu" ya kufungua kizazi kiasi kile), tumetoka kwenye Injili. Simoni wa Samaria alileta fedha, Petro akamwambia: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali" (Matendo 8:20). Someni pia 2 Wafalme 5. Naamani alikuja na talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi. Elisha hakuchukua hata kimoja. Gehazi akamfuata njiani akachukua talanta mbili na mavazi mawili, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Kosa lake halikuishia kwenye tamaa: alimfanya mgeni, aliyekuwa ameanza kumjua Mungu anayetoa bure, arudi Shamu akijua kwamba hata huku kuna malipo.

Matengenezo ya Kanisa kule Wittenberg yalianzia hapo hapo. Mtawa Tetzel alikuwa akizunguka Ujerumani na vyeti vya rehema, watu wakinunua hata kwa ajili ya marehemu wao, na hoja 95 za Martin Luther za tarehe 31 Oktoba 1517 zilihusu biashara hiyo. Hoja ya 1 inasema maisha yote ya mwamini ni toba. Ya 62 inasema hazina ya kweli ya Kanisa ni Injili takatifu ya utukufu na neema ya Mungu.

Muumini akitaka kujua kama anatoa kwa shukrani au ananunua, ajiulize swali moja: nisipopata ninachokiombea, nitaidai sadaka yangu moyoni? Kama jibu ni ndiyo, alikuwa ananunua.

---

Mwalimu_Kipaimara

Natofautiana kidogo na mwenye uzi. Vijana wa kipaimara ukiwahubiria neema namna hii bila tahadhari wanalegea. "Nimeshaokolewa, Mungu anasamehe", Jumamosi kwenye pombe, Jumapili kwenye kwaya. Amri zisirudishwe nyuma. Hata Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 inaanza na Amri Kumi, ndipo Imani, Baba Yetu, Ubatizo na Meza ya Bwana.

---

Mwinjilisti_Mtaani

Mwalimu, hofu yako ni ya haki na Paulo aliijua. "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi?" ni swali alilolitazamia mwenyewe, Warumi 6:1. Nakubali kuhusu Katekisimo: Amri zinakuja kwanza ili kijana ajione hawezi, kisha Imani inamwonyesha Mungu aliyeweza. Tatizo la madarasa mengi ni kwamba kijana anatahiniwa Amri kwa kukariri, akifaulu anaona ameziweza. Nafasi ya kwanza inabaki, lakini haijafanya kazi yake. Baada ya kukariri amri ya tano, "Usiue", muulize kuhusu hasira, Mathayo 5:21-22, na usihame hadi anyamaze.

Kuhusu kulegea, angalia Paulo anavyojibu. Hatishii kuiondoa neema. Anasema mliobatizwa mlikufa pamoja na Kristo, mtaishije tena katika dhambi? Tito 2:11-12 inasema neema yenyewe "yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia." Kijana anayelegea amesikia msamaha, hajasikia kifo na ufufuo. Kipindi cha 5 kikikosekana ndipo hayo hutokea, na walimu wengi hukikosesha kwa sababu muda umeisha.

Wapo tena wanaofundisha neema kama mkopo wa kikoba: umepewa kwanza, sasa lipa kila wiki kwa riba ya matendo, ukichelewa unapigiwa simu. Mwanafunzi wa namna hiyo hatalegea, lakini atachoka, na akichoka ataondoka kimya kimya. Warumi 11:6 imefunga mlango huo: "Lakini ikiwa ni kwa neema, haiwi kwa matendo tena, au hapo neema isingekuwa neema."

Mfano ninaouona bora kwa vijana ni Zakayo, Luka 19. Mpangilio wake: Yesu anamwita kwa jina, anasema leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, Zakayo anampokea kwa furaha, watu wananung'unika kwamba ameingia kwa mwenye dhambi. Hapo Zakayo bado hajarudisha kitu. Ndipo anasimama: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Hakuna aliyemdai. Kutoka 22:1 ilidai kondoo wanne kwa mmoja aliyeibwa na kuchinjwa au kuuzwa. Yeye anajihukumu kwa kiwango cha mwizi huyo, na analipa akiwa na mgeni wake tayari ndani ya nyumba.

---

Msomaji_Historia

Kwenye hilo la kurudisha, Uamsho wa Afrika Mashariki una somo la pande zote mbili. Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto ukawaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika kupitia Bukoba. Watu walitubu hadharani, wakarudisha vya wizi, waume wakawaomba wake zao msamaha. Wimbo wao wa Tukutendereza Yesu unasifu damu ya Mwanakondoo, na hautaji kurudisha vya wizi mahali popote. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yao.

Palipoharibika ni pale toba ya hadharani ilipogeuka kuwa kipimo: asiyeungama kwa undani wa kutosha anahesabiwa hajaokoka. Hapo ushuhuda ukawa sheria mpya, na watu wakaanza kutafuta dhambi za kusimulia.

Lakini kwenye dhiki neema waliyoijua iliwashika. Kenya ilipowekwa chini ya hali ya hatari mwaka 1952, ndugu wengi wa Uamsho katika Gikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wameshakunywa damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na nyingine. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali ya kikoloni, wakawa hawana ulinzi wa upande wowote, na wapo waliouawa. Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 na kuwa Askofu Mkuu wa Uganda mwaka 1974, aliuawa Februari 1977 chini ya Idi Amin. Askofu Festo Kivengere alikimbia mwaka huo huo, na akiwa uhamishoni alihubiri kumsamehe Amin. Warumi 8:35 inataja dhiki, shida, adha, njaa, uchi, hatari na upanga. Kwa hao, "upanga" halikuwa neno la mahubiri tu.

---

Msharika_Kijana

Asanteni sana. Je, mtu akishaokoka anaweza kuupoteza wokovu?

---

Katekista_wa_Parokia

Hapo makanisa hayakubaliani, na ni vema kikundi kijue hivyo. Wareformati, kwa Sinodi (mkutano wa kanisa) ya Dort, Uholanzi, ya 1618-1619, wanafundisha kwamba Mungu huwahifadhi wateule wake hadi mwisho. Wanasimama kwenye Yohana 10:28. Wakatoliki, Walutheri, Wamethodisti na Wapentekoste wengi wanafundisha kwamba mtu anaweza kuiacha neema. Wanasimama kwenye Waebrania 6:4-6. Msiumalizie muda hapo. Mwenye kuuliza kwa hofu kwamba ameshatupwa mpeni Yohana 6:37, "wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Hilo wote tunalikiri.

---

Mama_Huduma_ya_Wagonjwa

Naomba niongeze la msibani, maana ndipo umati unapotusikiliza. Wasifu wa marehemu usomwe, ni heshima kwa familia. Lakini mahubiri yasiwe mwendelezo wa wasifu: "alikuwa mtoaji, hakukosa ibada, basi yuko mahali pema." Aliyesimama nyuma, anayejua hakuishi hivyo, anaondoka bila tumaini. Ufunuo 14:13 husomwa sana makaburini: "kwa kuwa matendo yao yafuatana nao." Waonyesheni kwamba wamekufa katika Bwana kwanza, na matendo yanafuata nyuma yao. Na msomeeni yule wa nyuma Luka 23:39-43. Mhalifu yule hakuwa na muda wa kubatizwa wala wa kurudisha alichoiba, naye aliambiwa "leo hivi".

---

Mzee_wa_Kanisa

Nimeulizwa pembeni: mtu ametubu, anadaiwa, mtu aliyedhulumiwa naye yuko kijiji cha pili, aanzie wapi?

Aandike kiasi anachokumbuka bila kukipunguza. Aende na mtu mmoja anayeaminika, si kundi. Aseme kosa lenyewe bila kueleza sababu zake. Alipe alicho nacho siku hiyo, kilichobaki kiandikwe kwa tarehe. Aliyekosewa asilazimishwe kusema "nimesamehe" papo hapo. Na kabla hawajaondoka nyumbani, msomeeni Filemoni mstari wa 18, pale Paulo anapomwandikia mwenye mali kuhusu mtumwa aliyetoroka: "Na kama amekudhulumu, au unawia kitu, ukiandike hicho juu yangu." Kwa Mungu deni lake limeshaandikwa juu ya Mwingine. Kwa hiyo anapokwenda kwa jirani hana haja ya kujitetea, na akifukuzwa mlangoni anaweza kurudi tena wiki inayofuata.